Mwanafunzi kapata 92 kwenye Maadili, wodini kamwita bibi wa watu "kitanda cha saba". Tunafundisha nini hasa?

Mkufunzi_Wodini #1
Wakuu, salaam. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi ngazi ya stashahada, huu mwaka wa tisa. Naleta jambo linaloninyima usingizi, tujadili bila matusi.

Muhula uliopita nilisahihisha mtihani wa Maadili ya Kazi. Kuna binti aliandika vizuri mpaka nikawapitishia wenzangu ofisini waone: usiri, ridhaa ya mgonjwa, utu, haki, vyote na mifano yake. Nikampa 92. Wiki mbili baadaye niko naye wodi ya wanawake asubuhi. Kuna bibi wa miaka sabini na ushei, kavunjika nyonga, ana katheta (mpira wa kutolea mkojo, unaingia kwenye mfuko). Binti kafika na trei yake. Hakuamkia, hakusema anakuja kufanya nini. Kageukia mlangoni kwa mwenzake: "Kitanda cha saba mkojo umejaa!" Halafu kafunua kanga. Skrini, lile pazia la magurudumu la kumkinga mgonjwa, ipo hatua tatu tu, imeegemea ukuta. Ndugu za watu waliokuja kuleta uji wote wanaona. Bibi akavuta ncha ya kanga akajifunika. Hakujifunika mwili, alijifunika uso.

Sasa sikilizeni. Binti alinawa mikono sawasawa, hakugusa mdomo wa mfuko, alisoma kiasi cha mkojo bila kukosea, akaandika kwenye chati. Kwa fomu yetu ya tathmini amefaulu vizuri sana. Sehemu ya "mtazamo na mawasiliano" ina alama 5 kati ya 100, na hizo 5 kila mkufunzi huwa anagawa 4 bila kufikiri, mimi nikiwemo.

Hoja yangu: tukilifuta somo la Maadili kwenye ratiba kesho asubuhi, hakuna mgonjwa atakayeona tofauti. Nipingeni.

Kipara_Ngoto #2
Malezi ya nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi. Uzi ufungwe.

BintiMakorora #3
Kipara kila uzi unakuja na samaki wako, leo umesahau ndimu.

Mkufunzi, mimi si wa fani, ni mteja. Nimejifungua mara tatu, vituo vitatu tofauti. Kituo cha kwanza nesi alikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Cha tatu nesi alinishika kiuno akanisugua mgongo usiku kucha, akawa ananiita "mama mzaa chema". Wote wamesoma mtaala mmoja, si ndiyo? Basi mtaala si jibu, wala si kosa. Kuna kitu kingine.

SistaMstaafu #4
Hamjambo wanangu. Nilianza mafunzo mwaka 1978, shule ya misheni, na metroni wetu, yaani mkuu wa wauguzi, hakuwa na somo la maadili kwenye ratiba. Alikuwa na kidole. Anapitisha kidole chini ya chuma cha kitanda, akikuta vumbi unaosha kitanda upya.

Lakini kuna jambo moja sijalisahau. Wiki ya pili tu alitulaza sisi wanafunzi kwenye vitanda vya wodi iliyokuwa haina wagonjwa, tukapewa bedipani (chombo cha kujisaidia kitandani) kila mmoja, tukakaa juu yake huku wenzetu wanapita wakipiga soga. Dakika kumi. Hakutueleza kitu. Alipomaliza akasema, "Sasa mnajua skrini ni ya nini." Basi. Tangu siku hiyo sijawahi kufunua mgonjwa bila skrini, mpaka nimestaafu.

Na siku ya kuvishwa kofia tulishika mishumaa tukasema kiapo alichokiandika Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, kwa mkono wake. Vijana wa leo wanakisema siku ya wauguzi, Mei 12, wakitazama simu.

Mpenda_Kumbukumbu #5
Shikamoo sista. Naomba nisahihishe kidogo. Kiapo hicho Nightingale hakukiandika. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter, wakakipa jina lake kwa heshima tu. Yeye alikuwa bado hai, alifariki 1910.

Ila kwa uzi huu kuna jambo lake lenye uzito zaidi ya kiapo. Shule yake ilipofunguliwa hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, kila mwanafunzi alikuwa na karatasi ya kila mwezi. Upande mmoja ufundi: kufunga vidonda, kutandika kitanda na kadhalika. Upande mwingine tabia: kuwahi, utulivu, uaminifu, usafi wa mwili na mavazi, na kuendesha wodi. Anayejaza ni metroni aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi. Yaani zaidi ya miaka 160 iliyopita tabia ilikuwa na nusu ya karatasi, Mkufunzi anatuambia leo ina alama 5.

SistaMstaafu #6
Marahaba. Kumbe miaka yote hii namsingizia marehemu! Asante mwanangu. Lakini mshumaa ulikuwa wa kweli, ulinidondokea nta kidoleni.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #7
Nimesoma huku napumua kwa pua. Wote mnaongea kama wodi ni sebule. Wiki jana nililala macho peke yangu na wagonjwa 38, wawili wanatumia oksijeni, mmoja anataka kuruka dirishani. Nikianza shikamoo bibi, za nyumbani, wajukuu hawajambo, na bibi mwenyewe ni Mnyamwezi atakayetaka kujua na mimi ng'ombe wetu wameamkaje, dripu ya kitanda cha thelathini imekauka zamani.

Tatizo ni idadi ya watu kazini. Leteni wauguzi, tabia mtaiona.

Mkufunzi_Wodini #8
Nesi, pole na usiku. Nakubali mzigo upo. Lakini asubuhi ile nilikuwa na wanafunzi 11 kwenye wodi ya wagonjwa 20. Watu wamejazana mpaka wanagongana matako. Hakukuwa na haraka yoyote.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #9
Mkufunzi, ndiyo nasema hujamwelewa binti. Haraka yenyewe hana, ameiiga. Kwenye kupokezana zamu sisi tunasemaje? "Kitanda cha tatu anasubiri damu, cha tano ana homa, cha saba nyonga." Mwanafunzi amesimama pembeni na daftari anaandika. Miezi miwili hajasikia jina la mgonjwa hata mmoja likitajwa na mtu mwenye leseni. Kwako alisoma maadili, kwetu akajifunza kazi. Na alichojifunza kwetu hakina mtihani wa kufeli.

Sijitetei. Ndivyo ilivyo.

Kipara_Ngoto #10
Kwa hiyo na nyie mlikuwa samaki mliokauka.

Mwaka_wa_Pili #11
Habari zenu wakubwa. Niko chuo (sitataja). Naomba niseme upande wetu, tafadhali msinichambue sana.

Kuna mkufunzi wetu anafundisha somo hilo hilo la utu wa mgonjwa. Nilikosea kuweka kanula (kile kimpira cha dripu kinachoingia mshipani), akaniambia mbele ya wodi nzima, "Hicho kichwa Mungu alikupa uvalie wigi tu." Wagonjwa wengine walicheka. Yule niliyekuwa namtafuta mshipa, kaka mmoja wa bodaboda, akanong'ona, "Pole sista, jaribu mkono huu mwingine, una mishipa mizuri." Nikaingiza mara moja.

Siku ile utu alinifundisha mgonjwa.

BintiMakorora #12
Mwaka_wa_Pili mdogo wangu umeniliza asubuhi yote hii. Mpe huyo kaka wa boda cheti cha ukufunzi.

Mswahili_wa_Pangani #13
Hakuna aliyegusa lugha, naigusa mimi. Somo la Maadili linafundishwa kwa Kiingereza. Binti wa 92 alikariri fasili za Kiingereza kuhusu utu, ridhaa na empathi. Bibi wa kitanda cha saba haongei hata neno moja la mtihani ule. Sasa mwambie binti aseme kwa Kiswahili kile alichokiandika kwenye swali la tatu. Atagugumia.

Na hata sisi wenyewe hatujakubaliana. Empathi, kule kuhisi anachohisi mwenzako, tuiite nini? Huruma? Huruma unamwonea mtu aliye chini yako, hata kuku unamwonea. Utu ni mpana mno. Staha inakaribia, maana staha ina macho ndani yake, unajua wapi pa kutazama na wapi pa kugeuza uso. Bibi yangu angesema yule binti "hana staha", hapo mambo yote yamekwisha. Angekaa naye jikoni siku tatu angekuwa amenyooka.

Dokta_Kijijini #14
Mswahili, hoja nzuri ila haifiki mbali. Kuna madaktari wanaojua staha kwa Kiswahili, Kiarabu na Kihehe, na wanatukana wauguzi kwa lugha zote tatu. (Ndiyo, najua, sisi tunaongoza.)

Nami nina la kuongeza kuhusu 92. Mwaka 1966 daktari wa akili Charles Hofling na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio. Mtu asiyejulikana anapiga simu wodini usiku, anajiita daktari, anaamuru mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa. Kwenye boksi imeandikwa kiwango cha juu kabisa ni 10. Wauguzi 22 walipigiwa. 21 wakaandaa dawa na kuanza kwenda kitandani, wakazuiwa njiani. Vidonge vilikuwa sukari tu. Pembeni wakaulizwa wanafunzi 21 wa uuguzi: ingekuwa wewe ungefanyaje? Wote 21 wakasema wangekataa.

Huyo ndiye binti wako. Kwenye karatasi ni shujaa.

Mpenda_Kumbukumbu #15
Dokta, malizia hadithi. Mwaka 1977 watu wengine, Rank na Jacobson, walirudia jaribio kwa namna tofauti: dawa ikawa Valium, ya kutuliza, ambayo kila muuguzi anaijua, na wauguzi wakawa huru kuulizana. 16 kati ya 18 hawakutii. Kwa hiyo si kwamba hawakuwa na maadili. Wale wa 1966 walikuwa peke yao, na dawa hawaijui.

Dokta_Kijijini #16
Sawa mkuu wa maktaba. Lakini na binti hakuwa peke yake, wenzake kumi walikuwepo. Kumi na moja na Mkufunzi mwenyewe. Hakuna aliyesogeza skrini. Mkufunzi, wewe ulikuwa umesimama wapi?

Mkufunzi_Wodini #17
...Nilikuwa mguuni mwa kitanda nimeshika fomu. Nilikuwa natazama kama atagusa mdomo wa mfuko.

Umenipata.

Kasuku_wa_Pemba #18
Asalaam alaikum. Nyinyi wa bara mnatafuta kwa tochi kitu kilichopo juani. Pwani yetu mwari hafundishwi na mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini. Anapewa somo wake, mtu mmoja, anayemjua kwa jina lake na la mama yake. Somo hampi mtihani. Anakaa naye, anakula naye, akikosea kukaa anamfinya paja, akipatia hamsemi. Na somo huyo anabaki wake mpaka uzeeni, mwari akiharibu mambo ukweni, la kwanza watu wanauliza, "Somo wake nani?"

Sasa mwanafunzi wa uuguzi akiharibu, nani anaulizwa? Chuo kinasema ni wodi, wodi inasema ni chuo. Mpeni kila mwanafunzi somo mmoja pale wodini, na jina la somo liandikwe kwenye faili lake.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #19
Kasuku, hiyo tunaiita muuguzi mlezi na kwenye makaratasi ipo. Mimi ni mlezi wa wanafunzi sita. Sina posho, sina muda, na majina yao ninayajua matatu.

BintiMakorora #20
Kasuku, na mimi ni wa pwani, nimechezwa, kwa hiyo usiniuzie unyago kwenye gunia. Somo huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba uzazi ni kuuma meno, mwanamke mwenye adabu halii leba. Nilipopigwa kofi la paja kituo cha kwanza nilinyamaza, nikaona ndiyo heshima. Kwa hiyo mlezi mmoja akiwa na sumu, wari wote wanakunywa.

Na nyie mnaodhani ni hadithi zangu: hapa mkoani kwetu Tanga kulikuwa na utafiti wa mradi wa Staha, Korogwe na Muheza. Akina mama waliulizwa wanapotoka kituoni kama walidhalilishwa wakati wa kujifungua, asilimia 19 wakasema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa 28. Getini mtu anasema asante, nyumbani ndiyo anakumbuka alivyotendewa.

Mswahili_wa_Pangani #21
Na jina la mradi Staha. Sina la ziada.

Mkunga_wa_Kale #22
Mnisamehe, nitasema ambalo wengi wa fani wanalisema chumbani tu. Nimezalisha miaka 26. Kuna dakika kichwa cha mtoto kimefika mlangoni na mama amefunga mapaja. Ukimbembeleza, unapokea maiti. Nimepiga paja, nimefoka. Watoto wale wako hai, wengine wananiamkia sokoni. Huyo wa maadili ya darasani hajawahi kusimama pale.

BintiMakorora #23
Mama mkunga, shikamoo, nakuheshimu. Lakini mimi sikuwa nimefunga mapaja. Niliomba maji.

Mkunga_wa_Kale #24
Marahaba mwanangu. Hilo sina jibu lake.

(Nimekaa nimelifikiria toka mchana. Nadhani tukizoea kufoka kwenye dakika ile moja, tunasahau kurudisha sauti chini. Tulifundishwa kupandisha tu.)

Nyanza_Kisumu #25
Hamjambo majirani. Huku Kenya mambo ni yale yale. Utafiti wa mradi wa Heshima ulikuta karibu mama mmoja kati ya watano alilalamika kudhalilishwa wakati wa kujifungua. (Nyinyi Staha, sisi Heshima. Majina tunayo, sivyo?) Tofauti ni kwamba huku watu wameanza kwenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu pale Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni na kupigwa makofi alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Kilichomsaidia ni kwamba kuna mtu alirekodi na simu. Hapo ndipo wakubwa wa hosi walianza kuitisha semina za "huduma ya heshima". Maadili yamefundishwa na hakimu. Nyinyi endeleeni na kiapo.

Kipara_Ngoto #26
Hakimu naye anakunja samaki mkavu, tofauti ni kwamba anavunja.

SistaMstaafu #27
Kipara leo umesema kitu.

Mwanangu wa Kisumu, woga wa korti nimeuona kwa mwanangu wa kuzaa, ni nesi Ulaya. Anaandika kila kitu: nimemgeuza mgonjwa saa nne, nimemgeuza saa sita. Nikamuuliza, huyo mzee anaitwa nani? Akafungua kompyuta kutazama.

Mwaka_wa_Pili #28
Samahani sista, kwa hiyo ile ya bedipani ingerudishwa ingesaidia? Naogopa mkufunzi wetu wa wigi akipewa hiyo ruhusa.

SistaMstaafu #29
Hahaha. Naye aikalie kwanza yeye. Metroni wetu alikaa, tulimwona.

Dokta_Kijijini #30
Mimi bado nasema tunachagua watu vibaya. Mtu alitaka uhasibu, mjomba kamwambia uuguzi una ajira. Fomu ya kujiunga inauliza Kemia, Baiolojia, Fizikia. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kumwogesha mgonjwa nyumbani kwao.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #31
Dokta, mimi nilitaka kuwa rubani. Mjomba ndiye alinileta. Na ni mimi niliyebaki na yule wa dirishani mpaka kumekucha, nimemshika mkanda wa suruali. Usaili wako ungeniacha nje.

Mkufunzi_Wodini #32
Wakuu nimerudi. Baada ya maneno ya Dokta #16 sikulala. Leo nilimwita binti, si ofisini, tulikaa kwenye benchi pale nje ya famasi. Nikamuuliza tu, siku ile uliwaza nini?

Akanyamaza sana. Mwishowe akasema mambo mawili. La kwanza: skrini ya wodi ile gurudumu lake moja limekatika, ukiivuta inapiga kelele, na sista wa zamu aliwakataza kuiburuta kwa sababu inaamsha wagonjwa. La pili ndilo limenikaa. Alisema, "Mwalimu, niliogopa nikimwamkia ataanza kunieleza habari zake. Wanaeleza. Kwamba mtoto aliyemleta hajarudi tangu Jumanne. Na mimi sijui mtu akiniambia hivyo natakiwa kujibu nini. Hatujafundishwa."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia hata mimi huwa naangalia saa.

Bado sijui kama somo lifutwe au liongezwe. Nimeenda na spana kuhusu skrini.

Mswahili_wa_Pangani #33
"Pole bibi, leo ni siku gani vile?" Hapo bibi atahesabu mwenyewe mpaka Jumanne. Si lazima ujibu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #34
Gurudumu hilo la wodi zote Tanzania. Spana haitoshi, weka mafuta ya kula, ya taa yanakausha.

Kasuku_wa_Pemba #35
Hili la kuogopa kuamkia sikulitarajia. Naendelea kuwaza. Lakini somo wake nani?

Baba_Neema #36
Wakuu samahani natoka nje ya mada. Binti yangu ana D ya Fizikia, Baiolojia C, Kemia D, Kiswahili B. Anaweza kupata stashahada ya uuguzi? Mnijibu haraka dirisha linafungwa.

Mpenda_Kumbukumbu #37
Ufaulu ni masomo manne yasiyo ya dini, hayo matatu ya sayansi yakiwemo. Kwa ulivyoandika anaomba vizuri tu. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, kabla hujalipa hata shilingi.

SistaMstaafu #38
Na anaamkia?

Baba_Neema #39
Anaamkia sista. Ila mpaka umkazie macho.

Kipara_Ngoto #40
Samaki huyoo.